Kishikwambi cha Inchi Mbili

Kosa lenyewe lilikuwa dogo, la inchi tano tu. Fundi alifungua daftari lake la vipimo, akatafuta kiuno cha mwuza dawa wa duka la jirani, akasoma thelathini na tisa mahali alipokuwa ameandika kwa mkono wake thelathini na nne, akakata kitambaa. Mwuza dawa aliingia ndani ya ile suruali kama mtu aingiaye hemani. Akatoka dukani ameishikilia kwa mikono miwili, na kwa kumheshimu mzee hakusema neno. Maneno mtaa uliyasema kwa niaba yake.

Watu walimwita fundi huyo Inchi Mbili, kwa sababu kila nguo aliyoshona aliiachia inchi mbili za akiba ndani ya mshono. Aliamini kwamba binadamu wote wako njiani kunenepa, wanapishana muda tu. Kwa miaka arobaini na mmoja imani hiyo haikumwangusha. Macho ndiyo yalianza kumwangusha.

Habari za suruali zikamfikia bintiye. Binti alikuwa mwalimu wa fizikia, na mwalimu akipata habari mbaya hutunga mtihani. Alikuja na kiboksi chenye kishikwambi kidogo ndani yake, kikubwa kuliko simu, kidogo kuliko kompyuta, na kwa kujiona hakina mwenzake.

"Vipimo utaandika humu, Baba. Herufi unazikuza mpaka uridhike."

"Na daftari langu?"

"Naondoka nalo."

"Mwanangu, mle mna viuno vya mtaa mzima."

"Mwezi mmoja. Ukikiweza hiki, endelea na kazi yako, sitasema tena. Ukishindwa tunafunga duka, unakuja kupumzika kwangu."

Mzee alikuwa amewahi kupumzika kwa bintiye siku nne. Palikuwa na kochi jeupe, runinga kubwa, na hakuna la kufanya. Siku ya tatu alikutwa juu ya kiti akifumua pindo la pazia ili alishone upya. Kwa hiyo alikipokea kishikwambi kwa mikono miwili, kama mtu anayepokea barua ya mahakama.

Tusikionee lakini, maana sifa kilikuwa nazo. Kilienea kwenye mfuko wa aproni. Kilikuwa na tochi ya kutafutia vifungo chini ya meza, na kikokotoo kilichojua nusu ya kumi na saba na robo bila kuhema. Ukikitamkia vipimo kiliandika chenyewe, alimradi cherehani inyamaze, redio ya jirani inyamaze, na mteja asikohoe. Chaji yake ilidumu kutwa nzima, ukihesabu kutwa kuwa inaishia saa nane mchana. Na picha zake zilikuwa za kipekee: kila aliyepigwa alionekana kama ametolewa kisimani.

Fundi akaamua kukirekebisha kimfae, kama anavyorekebisha koti la kurithi. Alikilaza mezani, akaanza na herufi. Alizikuza mpaka neno "kiuno" likawa haliingii lote, ikabidi kioo kioneshe "kiun" na o ishukie mstari wa pili. Alama zote za michezo, ramani na hali ya hewa aliziondoa usoni, maana hali ya hewa aliiona mlangoni. Zikabaki tatu: daftari, kikokotoo, tochi. Nyuma ya hizo tatu, kiooni, akaweka picha ya cherehani.

Mkewe, aliyeshona vifungo vya duka hilo tangu arusi yao, aliitazama picha hiyo kwa muda.

"Miaka yote hii, ukapata pa kuweka picha, ukamweka cherehani?"

"Wewe si nakuona kila siku."

"Na yeye humwoni?"

Fundi akasema betri inaisha.

Kisha akakishonea koti la kaki lenye bitana, mfuko wa chaki na vifungo vinne. Mishono yake, bila shaka, iliachiwa inchi mbili, endapo kishikwambi kingenenepa.

Taabu ilianza siku alipokitumia. Fundi alikilaza juu ya mkono wa kushoto, kama mtu abebaye sinia, akanyoosha kidole cha kulia aandike. Kioo kikazima. Akabonyeza kitufe, kikawaka, kikamtazama kidogo, kikazima. Akakivua koti. Kikazima kikiwa uchi. Mkewe akakichukua, kikawaka na kutulia kama mtoto aliyerudishwa kwa mama yake.

"Kimenuna," mkewe akasema. "Ungeweka picha yangu."

Wakakipeleka kwa fundi simu wa kona, kijana mwenye bisibisi nyingi na jibu moja. Alikigeuzageuza, kikawaka kwake muda wote.

"Mzee, hii ni programu," akasema. Hilo ndilo jibu lenyewe. Akafuta kila kitu kilichokuwamo, herufi kubwa, picha ya cherehani na vipimo vya watu kumi na wawili alivyoandika mkewe, akamrudishia kikiwa kitupu kama siku kilipozaliwa. Fundi akashukuru. Alipokilaza tu mkononi, kikazima.

Kwa hiyo mwezi ukaisha mume akipima, mke akiandika, na wote wawili wakiomba binti asahau tarehe. Walimu hawasahau tarehe. Jumamosi asubuhi alifika, akaketi kwenye kigoda cha wateja, akakunja mikono. Na aliyeingia baada yake, kwa bahati ile inayomjua mtu anuani yake, alikuwa mwuza dawa, anayetaka suruali nyingine.

"Mama, wewe kaa," binti akamwambia mama yake aliyekwisha kunyoosha mkono. "Aandike mwenyewe."

Fundi akapitisha futikamba kiunoni. Thelathini na nne, kiuno hakikuwa kimejifunza lolote. Akakilaza kishikwambi mkononi. Kikazima. Akabonyeza, kikazima. Mara ya tano mwuza dawa akaanza kusoma kwa makini tangazo la nyuzi ukutani. Binti akasimama, akakichukua. Kikawaka.

"Si kosa lako, Baba," akasema taratibu, na upole huo ulimuuma mzee kuliko kelele. "Ni umri. Kochi lipo."

Fundi aliinama ili asitazamwe, na katika kuinama akaigonga sahani ya pini, zikamwagika sakafuni. Akafanya alivyofanya siku zote: akapitisha mkono wa kushoto juu ya sakafu, na pini zikaruka zenyewe, zikamganda kwenye kifundo cha mkono.

Binti akaushika ule mkono.

"Baba, hapo mkononi umevaa nini?"

"Bangili yangu ya pini. Si unaijua tangu utoto."

"Ndani yake mna nini?"

"Sumaku. Niliitoa kwenye spika ya redio ya babu yako."

Binti akasogeza kishikwambi kwenye bangili. Kikazima. Akakiondoa, akabonyeza, kikawaka na kubaki. Akarudia, kama anafundisha, ila safari hii darasa lilikuwa yeye.

"Vinatengenezwa hivyo," akasema, sauti imeshuka. "Kifuniko chake huwa na sumaku. Kikiihisi, kinadhani kimefunikwa, kinalala."

"Sumaku mnazifundisha darasa la ngapi?" mama yake akauliza, akichomeka uzi kwenye sindano.

"Kidato cha pili, Mama."

"Ahaa. Mimi sikufika."

Fundi akavua bangili, akaitundika kwenye shingo ya cherehani. Akazikuza herufi upya, akaandika polepole, kwa kidole kimoja, na kioo hakikupepesa. Thelathini na nne ilisimama pale kubwa kama namba ya nyumba.

"Fundi, punguza herufi basi," mwuza dawa akanong'ona. "Kiuno changu kinasomeka mpaka ng'ambo ya barabara."

"Ndiyo faida yake," fundi akasema, akachukua chaki, akaongeza inchi mbili.

Binti alitoa daftari la zamani mkobani, akaliweka juu ya meza ya kukatia, na habari ya kochi ikaishia hapo. Karibu iishie. Kila Jumapili humpigia baba yake kwa kishikwambi, waonane, amkumbushe kupumzisha macho. Mzee husikiliza kwa adabu mpaka nasaha zianze kurudia, kisha huivaa bangili na kupitisha mkono, kioo kikawa cheusi.

"Baba," sauti huendelea kutoka gizani, "uso tu ndio umezima. Bado nakusikia."