Namba Isiyo Yangu Kwenye Duka Langu

Jamani, kumbe nimefunga duka na mwenyewe sina habari!

Leo mchana nashona gauni hapa Mwanga, akaingia mama mmoja kutoka Kasulu. Akanitazama kama kaona mzimu.

"Wewe ndiye fundi Zaituni? Mbona nimeambiwa umefunga?"

Nikamuuliza nani kamwambia.

Alikuwa ametafuta mafundi wa Mwanga kwenye ramani ya simu, akaliona duka langu, akapiga namba iliyoandikwa pale. Alipokuwa akielekea kwa aliyepokea, akaona mlango wangu uko wazi. Akanionyesha. Jina langu. Picha ya mlango wangu. Namba si yangu!

Nikamwomba apige tena, aweke sauti kubwa.

"Zaituni alishafunga, mama. Njoo kwangu, nashona vizuri kuliko yeye."

Sauti ile naijua. Ni Mama Sada, fundi mwenzangu wa mtaa huu huu. Jumapili alikuwa kwangu, anakula samaki wangu, migebuka, na kusifia pilipili!

Nikaisogelea simu.

"Mama Sada, ni mimi Zaituni. Nipo dukani, nashona."

Akakata simu.

Miezi yote hii nalia wateja wamepotea, na yeye ndiye ananibembeleza: "Vumilia shoga, hali ni ngumu kwa wote."

Kumbe mtu yeyote anaweza kupendekeza namba nyingine kwenye ramani ile, naye akaweka yake; nimeirekebisha. Wenye biashara, tafuteni maduka yenu kwenye ramani leo hii, mpige namba mtakayoikuta, msikie nani anapokea.

Na msinishauri nimsamehe. Leo siwezi.