Faili Mbili za Mtoto Asiye na Jina

Tarehe 3 Februari 2020, Nafisa Abibu alianza kazi katika chumba cha mafaili cha kituo kidogo cha afya, Naviundu. Hugeuza maneno ya daktari kuwa kodi: herufi moja na tarakimu chache, zinazoeleza ugonjwa popote faili itakapofika. Ana kanuni asiyoivunja: haandiki kodi ya mtoto mchanga kabla ya kufungua faili ya mama yake.

"Weye unasoma mafaili kama vile balikufichia muchumba ndani," Léa, muuguzi, humtania.

"Nikimupata, sitakuonyesha."

Jumanne iliyopita ilimfikia faili ya "mtoto wa Keren", wa siku tisa. Mahali pa jina palikuwa patupu. Daktari aliandika maneno mawili tu: kupooza uso. Léa akamweleza yaliyobaki. Mtoto akilia, mdomo wake unavutwa upande mmoja, na shangazi wa Keren naye ana mdomo wa hivyo hivyo. Basi Brigitte, mama mkwe, amekataa mjukuu apewe jina la marehemu mumewe, Mwaba, mpaka ajue kama ugonjwa huo ni wa ukoo wa Keren.

Kodi ya haraka ilikuwepo: G51.0, uso uliopooza bila jeraha. Nafisa hakuiandika. Akavuta faili ya Keren. Ukurasa wa tatu, kwa mwandiko wa mkunga: mtoto alivutwa kwa koleo za kuzalishia. Huenda basi neva ya uso ilibanwa hapo, na hiyo ina kodi nyingine, P11.3, jeraha la kuzaliwa. Lakini si yeye wa kuamua. Akabeba faili zote mbili hadi kwa daktari Chilufya.

Daktari akasoma, akampima mtoto upya, akakuta alama ya koleo iliyoanza kufifia mbele ya sikio. Akafuta maneno yake, akaandika mengine, akatia sahihi. Keren alipokubali mama mkwe aelezwe, daktari akamwita Brigitte aingie.

"Si ya ukoo, maman. Ni chuma tulimuvuta nayo njo ilifinya neva. Batoto wengi banapona ndani ya miezi michache."

"Chuma?"

"Chuma."

Brigitte akacheka mpaka kitenge kikamlegea.

"Bwana yangu, chuma ya reli ilimufinya kidole, na alitumika kazi miaka makumi mbili na kidole ile! Keren, mwana wangu, unipatie huyu muzee."

Mtoto akaangua kilio, mdomo upande.

"Ona! Hata kasirani ni ya Mwaba!"

Keren akacheka huku akijifuta machozi, na Léa akapiga vigelegele mlangoni.

Nafisa akarudi chumbani kwake na faili zake mbili. Akaandika P11.3, kisha, mahali palipokuwa patupu, akaandika Mwaba. Ijumaa ya wiki ijayo mtoto atarudishwa kupimwa uso, na Brigitte ameshasema ni yeye atakayembeba.