Wanga wa Kitambaa cha Harusi

Naandika haya uso ukiniwaka. Kufuma nilijifundisha mwenyewe, kwa kuchungulia vitambaa vya wenzangu, kwa hiyo kuuliza swali naona ni kama kukiri kwamba sijui.

Jumamosi tulikusanyika kwa Mama Nyamizi, hapa Kahama, kumaliza kitambaa cha meza cha binti yake. Wakwe wangefika kesho yake. Wenzangu walifuma huku wakibishana kama michembe, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, huliwa kwa karanga au kwa maziwa. Mimi nilikabidhiwa kukitia wanga kitambaa ili kikakamae.

"Uji wa muhogo uko jikoni, mwanangu," alisema Mama Nyamizi. "Unajua kupaka?"

"Najua sana, mama."

Jikoni nilikuta sufuria mbili za uji mweupe. Ningerudi kuuliza, lakini nilishasema najua sana. Nikachagua uliokuwa laini zaidi, nikachovya kitambaa, nikakianika juani. Kikakauka kama karatasi, nami nikasifiwa hadi nikavimba kichwa.

Jumapili wakwe waliketi. Mama mkwe akainamia meza kusifia maua ya kitambaa, kisha akarudisha kiti nyuma. Sisimizi walikuwa wamejaa kila tundu.

Mama Nyamizi akagusa kitambaa, akalamba kidole.

"Sukari! Niliipangia foleni siku mbili kwa ajili ya uji wa wifi yangu aliyejifungua. Kumbe ndiyo maana jana alilalamika kuwa uji wake hauna ladha!"

Akanigeukia mbele ya wageni wote.

"Mwanangu, si ulisema unajua sana?"