Simba Waliotazama Ndani

Usiku ule niliketi kwenye kiti cha mtemi, na simba wawili waliochongwa kwenye ncha za mikono ya kiti wakakataa niinuke. Hawakunguruma. Walinitazama tu, na kila nilipojaribu kusimama, mbao zilinibana mbavu.

Kabla ya kulala nilikuwa nimechonga gogo la mninga. Chifu wetu mpya, mtemi, anasimikwa Jumamosi, na kiti cha zamani kimeliwa na mchwa. Mjumbe wake alitaka kingine kama kile, ila simba wawatazame watu. Simba wa zamani walielekea ndani, wakimkabili anayeketi. Babu yangu ndiye aliyekichonga, na kijiji kizima kilisema alikosea. Hata mimi nilisema.

Ndotoni, kiti cha babu kilikuwa katikati ya uwanja wa mtemi. Kisha si uwanja tena, ni karakana ya babu, vumbi la mbao limenifika magotini. Watu wamejaa mlangoni, wamepiga magoti. Nawaambia wainuke, sauti haitoki.

Babu anaingia, tezo yake ya kuchongea begani, kana kwamba hatukumzika. Anapuliza vumbi kwenye sikio la simba mmoja.

"Mke wangu," ananiita, kwa utani wetu uleule wa babu na mjukuu, "nani kakusimika?"

"Babu, nitoe."

"Waombe wao."

"Hawanisikii. Wananitazama tu."

"Ndiyo kazi niliyowapa. Watu wanamwogopa mtemi. Mtemi naye amwogope nani?"

Mbao zinakaza. Pumzi inanipungua. Namsihi awageuze simba, yaishe. Anashika tezo, anapiga mara moja, na simba wa kulia anageuza shingo kuelekea mlangoni. Mbao zinaniachia upande wa kulia. Hapohapo mama mmoja kati ya waliopiga magoti anapiga yowe, na wenzake wanarudi nyuma wakikanyagana.

Babu anahamia upande wa kushoto. Tezo iko juu.

"Na huyu, mke wangu, nimgeuze?"

Niliamka kabla sijajibu, mbavu zinauma, kumekucha. Nikaenda karakana. Kiti kipya kilikuwa pale nilipokiacha: simba wawili, manyoya ya shingo tayari, nyuso bado gogo tupu. Nilikuwa nimeshika tezo mjumbe alipobisha hodi.

"Fundi, umeamkaje? Mtemi anauliza, simba wameshaanza kututazama?"