Sentensi Nne za Kweli

Wanafunzi wangu wa Wundanyi huniita Madam Must, wakidhani sijui. Kila mwaka tukifika kwenye must, can, should na may, vile vitenzi vidogo vya kusema lazima, uwezo, wajibu na pengine, nawapa zoezi lile lile: watunge sentensi nne za kweli kuhusu maisha yao, na kila kitenzi wakipigie mstari kwa rula.

Mstari huo ulikuwa ujanja wangu. Madaftari ni sitini, na mimi nina haraka ya kuwahi gari la kurudi kwangu Voi. Basi jicho likaruka kutoka mstari hadi mstari: kitenzi kiko mahali pake, tiki, lete lingine. Nilijisifu hata kwa walimu wenzangu kwamba namaliza darasa zima kabla chai haijapoa.

Mwaka jana msichana mmoja wa Wusi, mpole, mwenye mwandiko mzuri kuliko wangu, hakurudi baada ya likizo ya Agosti. Niliuliza darasani, wakasema hawajui. Nikajiambia labda amehamishwa, nikaacha kuliita jina lake.

Mwaka huu nilitaka mfano mzuri wa kuwasomea wanafunzi wapya. Kabatini, wanamoacha madaftari wakati wa likizo, nikakuta la yule msichana. Nne kwa nne, na chini yake, kwa kalamu yangu nyekundu, nimempongeza na kumwambia aendelee hivyo hivyo. Nikasimama mbele ya darasa nikaanza kusoma kwa madaha.

Kwa must alikuwa ameandika kwamba lazima apike na kuwaogesha wadogo zake kabla ya kuja shule. Kwa can, kwamba mama hawezi tena kusimama mwenyewe. Kwa should, kwamba inampasa amwambie mtu. Sentensi ya nne sikuisoma kwa sauti. Ilisema huenda asirudi shule baada ya likizo.

Niliwaambia wasome kimya, nikatoka nje. Nilijichukia. Majuto ni mjukuu, tunawaambia watoto kila siku, na wangu alikuwa amekuja.

Jumamosi nilipanda hadi Wusi, kwao. Nilimkuta akipalilia maharagwe, mama yake ameketishwa mlangoni apate jua. Akanikaribisha kwa heshima ile ile ya darasani, akanifutia kiti. Nilikuwa nimejiandalia maneno mengi ya kujitetea, yote yakanipotea. Nikamwambia ukweli: sentensi zake sikuzisoma, nilitazama vitenzi tu. Nikamwomba msamaha mbele ya mama yake.

Aliliegemea jembe lake. Hakuonekana kukasirika. Alionekana kama mtu anayepanga upya jambo alilokwisha kulizoea.

"Mimi nilijua umesoma, Madam," akasema. "Uliandika niendelee hivyo hivyo. Nikaendelea."