Mti wa Kura za Jumuiya

Kwenye jumuiya yetu hapa Nkuhungu, nyumba zenye sebule ya kutosha watu wote ni tatu: ya jirani yangu, ya mama mmoja muuza zabibu, na yangu. Kila wiki baada ya sala, mwenyekiti huokota bakulini karatasi moja kati ya tatu, tujue wiki ijayo tutasali kwa nani. Kisha huirudisha. Ukimuuliza kwa nini asiiweke pembeni, atakuambia Mungu hapangiwi.

Basi Mungu akamchagua jirani yangu. Wiki iliyofuata, jirani tena. Ya tatu, jirani. Watu wakasifu makochi yake na juisi yake ya ukwaju, wakapiga picha, wakazirusha kwenye grupu. Mimi nilikuwa nimeshapaka sebule rangi na kununua mkeka mpya. Kwa kijicho, ile juisi niliiacha nusu glasi.

Mimi ni mwalimu wa hisabati. Nikachukua karatasi, nikachora mchoro wa mti: matawi matatu kwa kura ya kwanza, kila tawi likazaa matatu, na hayo nayo yakazaa matatu matatu. Ncha ishirini na saba. Jirani mara tatu mfululizo, ncha moja tu! Nilifurahi kama niliyemkamata mwizi. Nikatafuta ushahidi zaidi, nikahesabu ncha ambazo jina langu halimo kabisa. Zilikuwa nane. Nane kati ya ishirini na saba. Hata anayeshika mkia darasani kwangu angesema hilo ni jambo la kawaida.

Zile nane sikuzitaja. Nilimpa mwenyekiti shikamoo, nikamwonyesha ile ncha moja. Akaitazama sana.

"Mwalimu," akasema, "kumbe unatamani sana tuje kwako."

Nikamjibu kwamba natetea haki ya wote.

Wiki hiyo akatangaza kuwa jina likishatoka lisirudi, na la jirani akaliondoa. Akatoka mama wa zabibu. Mara iliyofuata bakulini ikawa imebaki karatasi moja. Mwenyekiti akaikoroga hiyohiyo moja, taratibu, akaifungua, akasoma jina langu. Watu wakacheka.

Walikuja, wakaimba, wakala, wakasifu rangi ya ukuta. Jirani alinikumbatia mlangoni, na hata pale, kwenye nyumba yangu mwenyewe, nilimwonea wivu. Yeye kura ilimtafuta mara tatu. Mimi nilibaki tu.