Kitambaa cha Redio ya Baba

Betri zilizoshinda juu ya mabati ya moto zina harufu yake: kutu, vumbi, na kitu kichachu kinachobaki vidoleni hata ukinawa. Kwetu Rwambuzi, hapa Bunia, hiyo ndiyo ilikuwa harufu ya kiangazi. Baba alianika betri za redio yake asubuhi, akaziteremsha jioni, akiamini kwamba jua linazirudishia nguvu. Nilikuwa na miaka tisa, nami niliamini. Siku hizi nikiwasikia watu wazima wakililia zamani, eti tulikaa pamoja tukasikiliza redio moja, natamani kuwanusisha vidole vyangu vya wakati ule.

Ukweli ni kwamba tulikaa pamoja tukimtazama Baba akiilinda. Ilikuwa redio kubwa ya kaseti, ya pekee katika barabara yetu, nayo ilikuwa na meza yake wakati sisi watoto tulikaa kwenye mkeka. Ilifunikwa kitambaa cheupe chenye ukingo wa manjano, alichokifuma bibi yetu wa Mahagi-Port, mama yake Mama. Wanaume wa jirani walipokuja, Baba alikiondoa kwa vidole viwili, kama padri anayefunua kikombe cha misa. Watu wazima kabisa walinyamaza kwa heshima mbele ya sanduku la plastiki.

Kiangazi hicho mchuuzi mmoja alituambia kwamba miguu ya bibi imevimba. Simu hatukuwa nazo. Habari za wagonjwa na misiba zilisomwa redioni kila siku saa saba mchana, katika komunike, na kila mwenye ndugu wa mbali alitega sikio. Alhamisi Mama alisimama mlangoni, mikono imejaa unga wa muhogo.

"Papa Josué, fungula radio kidogo, nisikie komunike."

"Pile iko karibu kufa," Baba alijibu, akimaanisha betri, bila kuinua macho. "Inangojea mupira ya dimanche."

Ijumaa aliomba tena, akajibiwa vilevile. Jumapili redio ilifunguliwa kwa ajili ya mpira, timu yetu ikashinda, na wanaume wakacheza uani hadi kuku wakakimbilia jikoni. Katikati ya kelele hizo aliingia mwanamke muuza samaki, jirani wa bibi, mzigo ungali kichwani. Aliwatazama wachezaji, kisha akamtazama Mama.

"Mama Josué, ulikuwa wapi? Tuliita weye mu radio siku mbili. Tulikungojea mpaka jana, basi tukamuzika."

Mama aliketi chini palepale alipokuwa. Mtu mmoja alipunguza sauti ya redio, lakini hakuizima. Baba alisema kosa lilikuwa la betri, na aliendelea kusema hivyo hadi alipofariki mwaka jana.

Tulipokutana kugawana vitu vyake, redio ilikuwa imekufa siku nyingi na mende wamezaa ndani yake. Josué, kaka yangu mkubwa, aliikumbatia. Aliipiga picha kwa simu, akaituma kwa ukoo wote na maneno matamu: ndiyo iliyotuunganisha. Wajomba, shangazi, hata binamu ambao hawakuwahi kuisikia, wote wakajibu kwa mioyo myekundu. Niliwadharau, na sioni haya kusema hivyo. Leo mtu akifa Mahagi-Port ninajua kabla chai yangu haijapoa, kwa simu hizohizo wanazozilaumu. Mimi nilikuwa na simu tatu mbovu katika droo, nimezihifadhi kwa upuuzi kama wao, na wiki hiyohiyo nilizitupa.

Nilisema redio nayo itupwe. Josué akasema sina moyo. "Hata Mama anaipenda," alisema. "Kila Jumamosi anafua kitambaa yake, miaka yote hii."

Hilo lilikuwa kweli, nami lilikuwa likiniudhi. Tukamgeukia Mama. Aliinuka polepole, akakiondoa kitambaa, akakikung'uta mara mbili na kukikunja.

"Radio mubebe," alisema. "Hii ni ya mama yangu."

Akaingia nacho chumbani, akafunga mlango. Josué aliifunga redio nyuma ya pikipiki, ikitoka nyumbani uchi kwa mara ya kwanza, na kabla hajafika mwisho wa barabara yetu ilikuwa imeshakuwa nyekundu kwa vumbi.